Swala wa Upemba: Utafiti wa Dola, Sheria na Jina la Mnyama

Mji wa Kolwezi unafahamika kwa shaba na kobalti. Lakini Mto Lualaba, upitao karibu na migodi hiyo, hushuka kupitia magenge ya Nzilo na kuelekea Bukama, kisha huingia katika bonde la mabwawa na maziwa ambamo Ziwa Upemba ndilo kubwa kuliko yote. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na samaki wa bonde hilo wakawa chakula cha wafanyakazi wa migodini. Historia ya utafiti wa wanyamapori katika bonde hilo yadhihirisha kwamba kumkusanya mnyama si sawa na kumfahamu, wala kumfahamu si sawa na kumhifadhi.

Dola la kikoloni lilianza kwa sheria. Amri ya tarehe 21 Aprili 1937 ilidhibiti uwindaji na uvuvi katika Kongo nzima. Tarehe 15 Mei 1939 Hifadhi ya Taifa ya Upemba ikaundwa chini ya Taasisi ya Hifadhi za Taifa za Kongo ya Kibelgiji, iliyokuwapo tangu 1934. Kati ya 1946 na 1949 Taasisi hiyo ilituma msafara wa kitaalamu ulioongozwa na G. F. de Witte. Wanyama, ndege, samaki na wadudu walikusanywa kwa wingi, wakapelekwa Ubelgiji, na matokeo yakachapishwa Brussels katika mfululizo mrefu wa vitabu.

Miongoni mwa vielelezo hivyo walikuwamo swala wa mabwawani, jamaa wa kuro. Kwa miongo kadhaa walihesabiwa kuwa ni lechwe tu, sawa na wale wa Zambia. Mwaka 2005 ndipo F. P. D. Cotterill, mtaalamu kutoka Zimbabwe, alipolinganisha vielelezo 35 vilivyokusanywa mwaka 1926 na katika miaka ya 1947 na 1948, akathibitisha kuwa hao ni spishi ya pekee. Akaiita *Kobus anselli*, kwa heshima ya W. F. H. Ansell, bingwa wa mamalia wa Zambia. Ushahidi ulikuwa umelala makumbushoni kwa zaidi ya nusu karne.

Je, kuna ubaya gani jina likichelewa? Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982, kama ilivyokuwa desturi tangu ukoloni, huwagawa wanyama kwa majedwali: wanaolindwa kabisa na wanaolindwa kwa sehemu. Kibali cha kuwinda hutaja mnyama kwa jina, na mlinzi anayekagua windo hutumia majina hayohayo. Asiye na jina lake mwenyewe hujificha chini ya jina la mwingine. Kwa kuwa lechwe walikuwa bado wengi nchini Zambia, upungufu wa hao wa Upemba haukuweza kuonekana kuwa hatari ya spishi nzima kutoweka.

Hata hivyo, jina peke yake halitoshi. Pundamilia wa Upemba, ambao ndio mabaki ya pundamilia wa nchi nzima, hawakukosa jina wakati wowote, na bado walipungua vibaya. Eneo la Hifadhi nalo lilipunguzwa: lilipoundwa lilikuwa na kilomita za mraba zipatazo 17,730, kufikia 1975 zilibaki 11,730 hivi. Baadaye vilikuja vita na makundi yenye silaha. Mwezi Desemba 2012 hata mkuu wa Hifadhi aliuawa akiwa kazini.

Tofauti ya wanyama hao wawili ni kwamba kupungua kwa pundamilia kulitambuliwa kulipokuwa kukitokea, ilhali thamani ya swala wa mabwawani ilitambuliwa baadaye. Mwaka 2025 watafiti wa Upemba walitangaza picha ya kwanza kuchapishwa ya swala huyo akiwa hai. Katika uchunguzi wao wa angani waliona kumi tu, wakakadiria kuwa waliosalia hawafiki 100.

Kwa hiyo msafara wa 1946 haukosi sifa, kwani bila mafuvu yale jina lisingepatikana. Kilichokosekana ni utafiti unaokaa mahali pake: watu wa bonde lenyewe wanaohesabu mwaka hadi mwaka, na daftari linalobaki Lusinga, katika makao ya Hifadhi, badala ya kwenda na meli. Kazi hiyo sasa ni ya dola la Kongo, na idadi ya swala waliosalia haiiruhusu ichelewe tena.