Karema, ngome iliyokimbiwa na ziwa

Mnisamehe kwa kupotea wiki mbili, mitihani ya katikati ya semista ilinikaba koo. Leo Jumapili umeme upo na miguu bado inauma, kwa hiyo nawapa ya Karema kabla sijasahau.

Chanzo ni ubishi. Mwenzangu wa chumbani, mtoto wa Dar, kila nikimwambia habari za Katavi ananijibu kwamba historia iko Bagamoyo na Kilwa, huku kwetu kuna nyuki na viboko tu. Na sie tunasoma kampasi ya SUA hapa Mpimbwe! Nikamwambia twende ziwani, nauli juu yangu (bumu lilikuwa limetoka, nisingejitia kimbelembele hivyo).

Ijumaa tukapanda gari hadi Mpanda. Pale Sitalike viboko walikuwa wamejazana mto Katuma kama kawaida yao, jamaa akanikonyeza, nikanyamaza. Tukalala kwa shangazi. Jana alfajiri tukashika njia ya Karema, kilomita kama 120, na njiani ndipo nikamtolea kisa cha tembo.

Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alipoanzisha chama chake cha mambo ya Afrika mwaka 1876, kikwazo kikubwa kilikuwa mizigo. Kutoka pwani mpaka ziwani kila kitu kinapanda kichwani mwa mtu, maana ng'ombe na punda wanamalizwa na mbung'o. Wakaona dawa ni tembo. Ila wa kwetu hawajafugwa, basi mwaka 1879 wakaletwa wanne kutoka India, waliofunzwa tayari, waje kusaidia kukamata na kufundisha ndugu zao wa huku. Wakashushwa Msasani, msimamizi akiwa mtu anaitwa Frederick Carter, wakaanza kutembea. Watatu walifia njiani. Mmoja tu alifika Karema mwishoni mwa mwaka uleule, naye hakudumu. Yaani tembo wanaletwa Katavi. Kwa meli! Jamaa alicheka mpaka dereva akageuka.

Aliacha kucheka nilipomalizia. Juni 1880 Carter alikuwa njiani kurudi pwani, akafika Mpimbwe, akiwa na mwenzake Cadenhead. Kijiji kikavamiwa na jeshi la Mirambo na washirika wake, wote wawili wakauawa. Mpimbwe hii hii wadau, tunapogombania ndoo za maji. Wazungu wawili wanatajwa vitabuni kwa majina. Wapimbwe walioanguka siku ile wanaitwa tu "kijiji".

Karema tulifika jua limeshapanda. Tukaanza kwa misheni, kwenye mwinuko, na kimlima chenyewe kwa mtu wa Dar ni Kilimanjaro. Hapo ndipo luteni wa Kibelgiji, Ernest Cambier, alipoanzisha kituo Agosti 1879, na ngome wakaiita Fort Léopold. Jamaa akasimama, akaangalia ziwa kule chini mbali, akauliza swali ambalo hata mimi liliwahi kunisumbua: mtu anayetaka ziwa anajengaje mbali na maji?

Hakujenga mbali, ziwa ndilo lililoondoka.

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga, upande wa Kongo. Kwa miaka mingi mlango ule ulizibwa na matope na magugu, maji yakawa yanapanda. Mnamo 1878 kizuizi kikaachia. Cambier anakuja mwaka mmoja baadaye, anapima, anajenga, na maji yameshaanza safari ya kushuka. Ndani ya miaka kama kumi na tano hivi ziwa likashuka mita kama 10, na kwenye ufuko wa tambarare mita 10 za kwenda chini ni mwendo mrefu wa kurudi nyuma.

Na hata hiyo ngome hawakuila. Mwaka 1885 mataifa ya Ulaya yakamaliza kikao chao cha Berlin, upande huu wa ziwa ukaangukia kwa Wajerumani, Wabelgiji wakawaachia Karema mapadre wa White Fathers. Hao ndio walioleta mtu ambaye ningekuwa na uwezo ningempa barabara nzima Mpanda: Adrien Atiman. Alizaliwa kule upande wa Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, mapadre wakamkomboa Algeria, akasomea utabibu Malta. Alifika Karema 1889 na kutibu watu hapahapa mpaka alipofariki 1956. Miaka 67! Sie tukipangiwa mazoezi ya miezi miwili kijijini tunalia. Hospitali ya Dr. Atiman iliyoko Sumbawanga, jina ni lake.

Jioni tukapanda boti ya mbao tuonje ziwa kidogo. Nahodha alikuwa mzee mmoja mcheshi. Tulipomwamkia shikamoo akacheka, "marahaba wajukuu, mnajua kuogelea?" Ujana wake aliupitisha akipakua abiria wa Liemba. Meli ile ya Wajerumani, waliyoizamisha wenyewe Julai 1916 na Waingereza wakaja kuiibua 1924, ilikuwa ikisimama kina kirefu, watu na mbuzi na magunia wanashukia kwenye vijiboti, mara nyingi usiku. Bandari ya Karema iliyokamilika 2022 ilimkuta kashazeeka.

Tulipozunguka kidogo akazima injini, akatuonyesha miti miwili mikavu imesimama ndani ya maji. Miembe. Pale palikuwa kwake. Kuanzia 2020 ziwa lilirudi kwa nguvu, Bujumbura, Kalemie na Kigoma watu wakahama, na yeye akahama. Nyumba ilienda na choo na jiko, akaanza upya juu barabarani. Anaeleza bila hasira, kama anamsema mtoto mtukutu.

Jamaa yangu akamuuliza, "Sasa babu, kiwanja utadai wapi?"

"Nimdai nani?" mzee akasema, akavuta kamba ya injini.

Tulirudi Mpanda usiku na migebuka minane kwenye ndoo. Shangazi alikaanga mitano. Jamaa wa Dar hakunitajia Bagamoyo njia nzima, ila leo asubuhi ameniuliza kama yule tembo wa India alizikwa Karema upande gani.