Kombe la Mwaliko

Mashindano ya mwaliko ni mtoto wa mwisho katika ukoo wa michezo. Hayatoi ubingwa wa bara wala wa dunia. Mshindi wake hapati nafasi ya kwenda mahali pengine, na aliyeshindwa hadaiwi kitu. Timu ya taifa huyaendea ili ijinoe kabla ya shindano lenyewe, kisha matokeo husahauliwa. Ndiyo sababu waandishi wa tarehe za michezo huyapita haraka. Nadhani wanapoteza jambo kubwa. Mahali ambapo mabao hayana uzito, mambo mengine hupata nafasi ya kupimwa, na la kwanza miongoni mwa hayo ni hili: nani anaweza kualika, na nani atakubali kualikwa?

Kombe la William Jones, linalochezwa katika kisiwa cha Taiwan, ni mfano ulio wazi, lakini habari zake sharti zianzie mbali kidogo. Katika mwaka wa 1959 mashindano ya dunia ya mpira wa kikapu yalifanyika Chile. Timu ya Muungano wa Kisovieti iliwashinda Wamarekani kwa 62 kwa 37, na hapakuwa na aliyeweza kuizuia. Lakini ilikataa kuingia uwanjani kucheza na timu ya Taiwan, iliyoandikwa kwa jina la Formosa, kwa kuwa serikali ya Moscow haikuitambua serikali ya Taipei. Wabulgaria walifanya vivyo hivyo. Ubingwa ukaenda Brazil, na Wasovieti wakarudi kwao mikono mitupu.

Wakati ule aliyekataa ndiye aliyeadhibiwa. Baadaye upepo uligeuka. Mwezi wa Oktoba 1971 kiti cha China katika Umoja wa Mataifa kilipewa Beijing. Katika mwaka wa 1974 Beijing iliingia katika Michezo ya Asia mjini Tehran, na Taiwan ikabaki nje. Katika mwaka wa 1976 Kanada haikukubali wanamichezo wa kisiwa hicho washindane Montreal kwa jina la Jamhuri ya China. Nao, kwa kuwa hawakutaka jina jingine, walirudi nyumbani. Mwaka uliofuata, 1977, Taipei ilianzisha kombe lake yenyewe na kupeleka barua za mwaliko. Aliyefungiwa mlango wa karamu za watu alitandika jamvi lake.

Jina la kombe nalo lastahili kutazamwa. Renato William Jones, aliyezaliwa Roma mwaka wa 1906, alikuwa mmoja wa waasisi wa FIBA, shirikisho la dunia la mchezo huu, lililoundwa Geneva mwaka wa 1932. Naye alikuwa katibu wake mkuu hadi mwaka wa 1976. Ndiye yule aliyeshuka kutoka jukwaani mjini Munich mwaka wa 1972 na kuamuru sekunde tatu zirudishwe, Wasovieti wakashinda 51 kwa 50, na Wamarekani wakakataa kuzipokea medali zao za fedha. Kombe lilipopewa jina lake alikuwa angali hai. Alifariki mwaka wa 1981. Kwa maoni yangu uchaguzi huo ulikuwa na busara ya siasa ndani yake, maana ni vigumu kwa wakuu wa mchezo kudharau shindano lenye jina la mzee wao. Mwaka huo huo wa 1981 wanamichezo wa Taiwan walikubaliwa kurudi katika Olimpiki, kwa jina la Taipei ya China.

Faida ya kombe hilo kwa mwalimu wa timu yatokana na utaratibu wake. Kila mgeni hucheza na kila mgeni, karibu kila siku, na mwalimu huona ni mchezaji gani miguu yake hulegea siku ya tano, na ni yupi hutulia akicheza na watu asiowajua.

Hakuna waliolitumia vyema kuliko Wafilipino wa mwaka wa 1985. Timu yao, iliyofundishwa na Mmarekani Ron Jacobs, iligharimiwa na tajiri Eduardo Cojuangco, swahibu wa Rais Ferdinand Marcos. Vijana wake, akina Samboy Lim na Allan Caidic, waliishinda timu ya Marekani mjini Taipei kwa 108 kwa 100 katika muda wa nyongeza. Mwezi wa Januari 1986 wakatwaa ubingwa wa Asia mjini Kuala Lumpur, na pamoja nao nafasi ya kwenda Hispania kushindania ubingwa wa dunia. Matayarisho yalikuwa yamekamilika. Lakini mwezi wa Februari watu walifurika katika barabara za Manila, Marcos akakimbia, na Cojuangco akaondoka nchini naye. Timu ikakosa mlezi, na Ufilipino ikajitoa. Fedha zilizowanoa wale vijana zilitoka katika utawala ambao raia waliuchoka, na sijui kama yupo mwanahistoria awezaye kuwahuzunikia wachezaji bila kuwafurahia waandamanaji.

Jamvi la Taipei laweza pia kukunjwa. Ufilipino ilitwaa kombe tena mwaka wa 2012, ikiishinda Marekani 76 kwa 75 katika mchezo wa mwisho. Tarehe 9 Mei 2013 walinzi wa pwani wa Ufilipino walimpiga risasi mvuvi wa Taiwan, akafa. Na Julai bingwa huyo hakuwamo katika orodha ya wageni. Mwezi wa Agosti mashindano ya Asia yakafanyika Manila kwenyewe. Vijana wa Taiwan walikwenda, wakawashinda wenyeji 84 kwa 79. Tarehe 8 Agosti Manila iliomba radhi kwa familia ya marehemu, na Taipei ikaondoa vikwazo vyake. Kesho yake, katika robo fainali, Taiwan ilicheza na China, ikaachwa nyuma kwa zaidi ya mabao kumi na matano, kisha ikashinda 96 kwa 78.