Hatari Isiyopimwa

Wahenga walinena: tahadhari kabla ya athari. Lakini yamkini atakayeacha tahadhari awe mmoja, na atakayepatwa na athari awe mwingine. Ndivyo ilivyokuwa katika mji wa Bhopal, Bara Hindi.

Mjini humo kilikuwako kiwanda cha kampuni ya Union Carbide India, kilichotengeneza dawa za kuua wadudu waharibuo mazao. Kazi yenyewe ilikuwa na manufaa, maana mkulima ahitaji dawa. Lakini katika matangi yake iliwekwa methili isosianeti, sumu kali iunguzayo macho na mapafu. Na nje ya ukuta maelfu ya maskini walikuwa wamejenga vibanda vyao.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, maji yaliingia katika tangi moja. Yalipokutana na sumu, joto lilizidi mno, na yapata tani 40 zikatoka kwa umbo la gesi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Kwa hiyo haikupaa, bali ilitambaa juu ya ardhi ikawaingilia watu usingizini. Wengi waliamka wakikohoa, wakakimbia. Na kadiri walivyokimbia ndivyo walivyozidi kuivuta. Serikali ya jimbo ilithibitisha vifo 3,787. Idadi hiyo iliongezeka baadaye, na waliodhurika walipita 500,000.

Je, msiba huu haukuweza kutambuliwa mapema? Uliweza. Mtambo wa kupoza matangi ulikuwa umezimwa tangu miezi kadhaa, na mnara wa kuchomea gesi ulikuwa umetenguliwa bomba lake ili litengenezwe. Tena, tangu mwaka 1982 mwandishi wa magazeti Rajkumar Keswani alikuwa ameuonya mji kwa kalamu yake, asisikilizwe.

Basi, kupima hatari ya namna hii si kulitazama tangi peke yake. Mpimaji hana budi kuuliza: sumu ni ipi, na ni kiasi gani? Yaweza kutoka kwa njia gani? Upepo utaipeleka wapi? Huko wakaa watu gani, na wangapi kati yao ni watoto, wazee na wagonjwa? Mwisho, watu hao wamefundishwa nini? Majirani wa kiwanda cha Bhopal hawakufundishwa neno. Hawakuambiwa jina la sumu, wala kwamba wasikimbie kuufuata upepo, wala kwamba wajifunike uso kwa kitambaa kilicholowa maji.

Mwaka 1986 Marekani ilitunga sheria ya kuvilazimisha viwanda kutangaza kemikali za hatari vilizo nazo, ili majirani wajue na wajiandae. Ukuta waweza kutenga mali ya tajiri na kibanda cha maskini, lakini hauwezi kuitenga hewa. Wanaovuta hewa moja wastahili kujua habari moja.