Ngoma Chini ya Sala: Misa ya Haydn ya Mwaka 1796

Mwaka 1796, majeshi ya Ufaransa chini ya Napoleon yalipokuwa yakiwashinda Waaustria huko Italia ya kaskazini, Joseph Haydn alitunga Misa aliyoiita kwa mkono wake Missa in tempore belli, yaani Misa ya wakati wa vita. Tarumbeta na timpani zilikuwa kawaida ya Misa za sikukuu. Lakini hapa, kwaya imwombapo Mwana-Kondoo wa Mungu (sala tuiimbayo nasi kabla ya Meza ya Bwana), ngoma hizo zalia taratibu chini ya sauti za waimbaji, mithili ya adui asikikaye kwa mbali. Kisha tarumbeta zaingia, na ombi la amani lageuka kuwa kilio. Wapo watakaosema kwamba haya hayafai ibadani. Mimi nadhani Haydn alitenda haki: waliokusanyika kanisani Vienna tarehe 26 Desemba mwaka ule walikuwa na hofu hiyo tayari mioyoni.