Mchakamchaka Haukuwa wa Miguu Tu

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji uliyenunua gazeti hili kituoni ukisubiri basi, leo turudi nyuma hadi Bariadi ya mwishoni mwa miaka ya 1980. Ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulikuwa haujazaliwa, ulikuja 2012.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa tumeshapanga mistari. Kiranja anaanzisha wimbo, nasi tunaitikia huku tukikimbia polepole, kishindo kimoja, tukipita mashamba ya pamba hadi barabarani na kurudi. Wakati wa mvua, udongo mweusi wa mbugani ulitung'ang'ania miguuni hadi kila mmoja akawa amevaa viatu bila kuvinunua. Aliyechelewa alichapwa. Wengi tulikimbia na njaa, na siku moja mimi nikaanguka. Mama alifoka: "Mmepelekwa kusoma au jeshini?"

Swali lake lilikuwa na msingi. Mchakamchaka ule ulikuwa mtoto wa siku za Elimu ya Kujitegemea, sera ya 1967, shule ilipotakiwa kutoa raia mkakamavu. Nyimbo zilikuwa za siasa. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba tunakimbia kwa ajili ya ubongo. Ubongo ulisubiri darasani.

Hata wataalamu, kwa muda mrefu, waliamini kwamba ubongo wa mtu mzima hauongezi seli. Mwaka 1999 Henriette van Praag na wenzake wa Taasisi ya Salk, California, walitangaza kwamba panya waliopewa gurudumu la kukimbilia walipata seli mpya nyingi zaidi katika hipokampasi, sehemu inayotunza kumbukumbu, kuliko panya waliokaa bure. Mwaka 2011 ikaja zamu ya binadamu: Wamarekani 120 wa miaka 55 hadi 80. Waliofanya mazoezi ya kutembea kwa mwaka mmoja, sehemu hiyo ilikua kwa asilimia 2 hivi. Walionyoosha viungo tu, ikapungua.

Lakini mzee si kijana. Kijana mwenye afya ubongo wake haujaanza kusinyaa, sasa mazoezi yatamwongezea nini? Mwaka 2019 watafiti wa Ujerumani walichapisha uchambuzi wa vijana 1,206 wa Marekani. Vijana hao walitembea kwa kasi dakika 2, umbali ukapimwa, na ubongo wao ukapigwa picha. Waliokwenda mbali zaidi walielekea kuwa na nyuzi zilizopangika vizuri zaidi katika sehemu nyeupe ya ubongo, zile zinazopeleka habari kama nyaya za simu, na katika majaribio ya akili pia walifanya vizuri zaidi.

Hapa nisimame, maana sisi watangazaji tuna ugonjwa wa kukimbilia kichwa cha habari. Huenda mazoezi ndiyo yanayoimarisha nyuzi. Huenda pia mtoto aliyelishwa vizuri hukua na miguu imara na ubongo imara kwa pamoja. Nikikumbuka siku ile niliyoanguka, hilo la chakula siwezi kulipita.

Tena jirani zetu wametajwa katika elimu hii. Kandokando ya Ziwa Eyasi, linalopakana na Meatu, Wahadzabe walivalishwa vipimo vya mapigo ya moyo, na matokeo ya 2017 yakaonyesha kwamba hutumia zaidi ya saa 2 kwa siku katika shughuli za kutoa jasho. David Raichlen, mmoja wa watafiti hao, anapendekeza kwamba ubongo wa binadamu ulijengeka katika kutembea huku ukifikiri: njia ipi, mzizi upi, nyayo za mnyama gani.

Mwezi uliopita nilikuwa Bariadi. Mpwa wangu hupelekwa shule kwa bodaboda, kwa sababu mama yake anaona mchakamchaka unamchosha kabla ya tuisheni.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "mwache mtoto akimbie. Ila kwanza mpe uji."

"Sawa kaka," akajibu akinitazama kitambi. "Na wewe ulikimbia lini mara ya mwisho?"