Kwa nini Sheria ya Moshi haikuizima enkonyagi

Mwaka 1966 Bunge lilitunga Sheria ya Moshi, iliyofanya kutengeneza, kuuza au hata kukutwa na gongo bila leseni kuwa kosa la jinai. Takribani miaka 60 baadaye, gongo hiyo, ambayo huku kwetu Kagera huitwa enkonyagi, bado inapikwa Bukoba na Muleba. Wengi huwalaumu polisi. Mimi nadai kwamba kasoro imo ndani ya sheria yenyewe.

Kwanza, sheria ilirithi mantiki ya ukoloni. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikusudia kumzuia Mwafrika asipate pombe kali, lakini ukawaachia wageni nafasi ya kuipata. Marufuku iliporudi chini ya bendera yetu, haikuwa vigumu kwa mwanakijiji kuisikia kama amri ileile ya bwana shauri.

Pili, haikuuliza nani anapika na kwa nini. Kahawa huvunwa kwa msimu. Ndizi hupatikana mwaka mzima. Mfumo wa mgawo wa kahawa duniani ulipovunjika 1989, bei zilianguka. Isitoshe, hadi hukumu ya Jaji Mwalusanya ya 1990, mila za Kihaya zilimnyima mwanamke haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Pipa, bomba na kuni vilimpa kipato kisichopitia mkononi mwa mume wala ukoo. Faini ingewezaje kushindana na ada ya shule?

Tatu, mpaka wa kosa haueleweki kijijini. Rubisi ni kinywaji cha heshima katika mahari na matanga. Rubisi hiyohiyo ikichemshwa na mvuke wake kukingwa, mwenyewe anakuwa mhalifu.

Jirani zetu Uganda walitunga sheria ya enguli mwaka 1965: mpishi mwenye leseni aliuza kiwandani, ikasafishwa na kuwa Uganda Waragi. Upishi wa kificho haukwisha, lakini mpishi alionyeshwa mlango halali. Sheria yetu nayo inataja leseni. Ni wapishi wangapi wa Muleba wamewahi kuiona?

Sitetei ulevi. Gongo inaua na inavunja nyumba. Lakini pombe inayopikwa migombani usiku haipimwi na yeyote, na anayeumia huogopa kusema aliinunua wapi. Marekani iliweka marufuku ndani ya katiba mwaka 1919, ikaiondoa 1933. Sisi tumebaki na sheria inayomkamata mama na kuiacha sumu ikiuzwa. Watumishi wa umma mnaosoma hapa, anzeni na leseni ya ushirika na kipimo cha ubora. Pingu zifuate baadaye.