Ruta ya WRT54G na Wajibu wa Leseni ya GPL, 2002–2009

Mwezi Desemba 2002 kampuni ya Linksys ya Marekani ilianza kuuza WRT54G, ruta ndogo ya kusambaza intaneti nyumbani bila nyaya. Ndani yake mlikuwa na kiini cha Linux, kazi ya waandishi wengi iliyotolewa chini ya toleo la pili la Leseni ya Umma ya GNU (GPL), la mwaka 1991. Leseni hiyo haidai malipo. Humruhusu yeyote kunakili, kubadili na hata kuuza, mradi anayesambaza programu katika lugha ya mashine aambatanishe msimbo asilia, au ahadi ya maandishi, ya angalau miaka mitatu, ya kuutoa kwa atakayeuomba. Anayekiuka hupoteza haki alizopewa.

Katikati ya mwaka 2003, Cisco ikiwa imeinunua Linksys, wataalamu walioipekua ruta walitangaza kwamba msimbo huo haukutolewa. Uzito wa shauri hili umo katika urefu wa mnyororo wa ugavi: chipu zilikuwa za Broadcom, programu iliandaliwa na CyberTAN ya Taiwan, Linksys ikatia jina lake, na Cisco ikarithi vyote. Kila mmoja angeweza kumsukumia mwenzake lawama. GPL haiutambui utetezi huo, kwa kuwa wajibu humwangukia kila anayesambaza. (Kwamba anayenunua kampuni hununua na madeni yake, wafanyabiashara walilijua zamani.)

Msimbo ulitolewa mwaka huohuo, na mwaka 2004 ukawa msingi wa mradi wa OpenWrt. Mwaka 2005 Linksys iliiondoa Linux katika toleo la tano la ruta na kupunguza kumbukumbu yake. Wateja waliotaka Linux wakatengenezewa WRT54GL. Manufaa hayo ya kibiashara hayakuwa yametarajiwa na aliyeficha msimbo.

Huko Ujerumani, Mei 2004, mahakama ya Munich ilithibitisha zuio aliloomba Harald Welte dhidi ya Sitecom, ikiyahesabu masharti ya GPL kuwa halali. Hata hivyo, Desemba 2008 Taasisi ya Programu Huria ililazimika kuishtaki Cisco kwa kusambaza bidhaa za Linksys bila msimbo kamili. Shauri lilimalizwa kwa maafikiano Mei 2009: Cisco ilikubali kumteua msimamizi wa programu huria wa Linksys, atakayeripoti kwa taasisi hiyo, na kuichangia fedha ambazo kiasi chake hakikutangazwa.